UZI: Fundi wa kompyuta awe na leseni? Historia ya mswada unaofufuka

Nimeombwa mara tatu wiki hii niandike kuhusu hili, manake siku hizi kila mdahalo unaogusa teknolojia lazima mtu asimame aseme: "Daktari ana leseni, wakili ana leseni, hata dereva wa matatu ana leseni. Mbona huyu anayejenga mifumo inayobeba pesa zetu hana?" Ukumbi unapiga makofi. Kisha mwingine anasimama anasema mnataka kuwafungia vijana riziki. Ukumbi ule ule unapiga makofi tena.

Uzi ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai. Sheria za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni nitakupita kama sijakuona.

Nianze na chama. Si cha siasa, tulia. Ni chama cha akina mama ambacho mamangu ni mweka hazina wake. Wanachama sitini na kitu, wengi wanauza sokoni: nyanya, mitumba, omena. Miaka yote hesabu zilikuwa kwenye kitabu kikubwa cha jalada jeusi kilichofungwa na mpira. Mwaka 2021 wakaamua na wao waingie kompyuta.

Wakatafuta fundi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta. Shahada ya kweli, alikuja nayo kwenye bahasha na akina mama wakaipitisha mkono kwa mkono. Akawajengea mfumo mzuri wa kutazama. Baada ya miezi minane kompyuta ikakataa kuwaka. Kumbe kila kitu kilikuwa kwenye mashine hiyo moja, hakuna nakala popote. Jamaa akaacha kushika simu. Kitabu cheusi nacho kilikuwa kimeachwa tangu mfumo uanze. Kulikuwa na mama anangoja mkopo wa karo, shule zinafunguliwa Jumatatu. Watu waliokaa pamoja miaka kumi wakaanza kuulizana nani alitoa nini, kila mmoja na jumbe zake za M-Pesa mkononi kama mashahidi kortini.

Aliyewaokoa ni kijana wa saiba karibu na steji. Aliacha chuo cha ufundi mwaka wa pili, karo iliisha. Akaing'oa diski, akakaa nayo siku mbili, akarudi na rekodi karibu zote. Alitoza shilingi 3,000. Mamangu alimwombea mpaka kijana akatoka jasho.

Mwezi mmoja baadaye tukagundua kwamba kwenye flashi yake bado kuna kila kitu. Majina, nambari za vitambulisho, simu, nani amelipa na nani anadaiwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaonyesha vyama vingine kama sampuli ya kazi yake, apate wateja. Kwenye kimoja cha hivyo vyama, mama mmoja akasoma jina la wifi yake, na deni lake. Deni hilo mume alikuwa halijui. Sitasema yaliyofuata kwenye ile nyumba, ila yule mama hayuko kwenye chama chetu tena, na sokoni alihama hata sehemu ya kuuzia.

Sasa niambie, leseni ingemshika nani kati ya hawa wawili? Wa shahada angeipata asubuhi na mapema. Kijana asingeipata maisha yake yote. Na wote wawili waliumiza watu.

Weka hilo pembeni kwanza, turudi nyuma.

Leseni Kenya haikuanza kama kitu cha kumlinda mteja. Chukua kahawa. Wakati wa ukoloni kulima kahawa kulitaka kibali, na Mwafrika hakupewa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nzuri masikioni: mtazuia magonjwa ya mimea, mtalinda ubora, mtapunguza wizi. Sababu yenyewe ni kwamba anayelima kahawa yake haendi kuvuna ya mzungu. Mpaka miaka ya 1930 ndipo milango ikafunguliwa kidogo, sehemu kama Kisii na Meru, na hata hapo kwa masharti. Msamiati wa ubora na usalama ndio uliofanya kazi ya kufukuza watu. Kwa hivyo mtu akiniambia leo kwamba lengo ni ubora, mimi sibishi. Nauliza tu nani ataachwa nje ya mlango.

Baada ya uhuru tukarithi tabia hiyo. Shirika la Kazi Duniani lilituma wataalamu hapa, na ripoti yao ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyolipa umaarufu duniani lile jina "sekta isiyo rasmi". Tunawaongelea hao hao tunaowaita jua kali. Wataalamu walikuta watu wanaofanya kazi halali, wenye ujuzi, wanaosumbuliwa na serikali kwa ajili ya leseni za biashara zisizo na maana. Wakapendekeza nyingi zipitiwe upya, zisizo na faida ziondolewe. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Muulize mama mboga yeyote kama anaona tofauti.

Ama tuongee matatu, manake kila mtu analeta mfano wa dereva. Mwaka 1973 rais wa wakati huo alitoa amri kwamba matatu zibebe abiria bila ile leseni ya uchukuzi iliyokuwa inatakiwa. Biashara ikalipuka. Kazi zikaja, na ajali zikaja pia. Miaka thelathini na kitu baadaye, Februari 2004, zikaanza kutumika zile kanuni ambazo watu wanaziita kwa jina la waziri (hatumtaji, mnamjua). Hapa watu husahau jambo moja: dereva wa matatu alikuwa na leseni ya udereva miaka yote hiyo ya ajali. Kanuni mpya ziliposhuka, kilichobadilika sana kilikuwa gari. Kidhibiti mwendo. Mikanda. Idadi ya abiria. Ndiyo, dereva na makanga nao walivalishwa sare na beji, lakini ukiuliza abiria wa zamani anakumbuka nini, atakuambia mkanda mchafu na gari kuondoka likiwa na watu 14. Mfano wa dereva, kwa hivyo, hausemi kile wanachodhani unasema.

Tuje kwenye teknolojia yenyewe. Eneo letu lina historia ya kuiogopa. Jirani zetu Tanzania walipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Ukitaka moja ilibidi uombe ruhusa maalum. Hapa kwetu, mwaka 1995, Shirika la Posta na Simu, ambalo lilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano, lilitangaza kwamba kuuza huduma za intaneti ni kinyume cha sheria. Ati kuuza tena laini zake bila ruhusa. Fikiria hilo ukiwa unasoma uzi huu kwenye matatu. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyovunja ukiritimba ule, na mwaka uliofuata shirika likagawanywa.

Vitu viwili ambavyo Wakenya hujivunia navyo vilizaliwa bila leseni ya mtu binafsi. Ushahidi, ule mfumo wa ramani uliokusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, ulianzishwa na wanablogu, na mmoja wao, Ory Okolloh, alisomea sheria. Na M-Pesa ilianza Machi 2007 wakati hakukuwa na sheria inayohusu pesa za simu. Benki Kuu iliiangalia, ikauliza maswali, ikatoa barua ya kusema haina pingamizi. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011. Angalia Benki Kuu ilikagua nini: pesa za wateja zinakaa wapi, na nini kitatokea mfumo ukianguka. Cheti cha ukutani cha aliyeandika programu hakikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Sasa mswada. Katikati ya 2016 ulitokea bungeni mswada wa wataalamu wa TEHAMA. Ungeunda taasisi ya kuwasajili, uwe na leseni inayolipiwa na kufanywa upya kila mwaka, sifa kuu iwe shahada, na njia ya pembeni kwa wenye uzoefu ambao baraza lingeridhika nao. Ukifanya kazi bila usajili, ni kosa la jinai. Mtandaoni kukawaka. Hata wizara ya TEHAMA yenyewe ikajitenga nao. Mswada ukalala.

Haukufa. Toleo la 2020 ndilo lililofika mbali zaidi. Juni 2022, bunge likiwa mbioni kumaliza muda wake na watu wote wameshughulika na kampeni, Bunge la Taifa likaupitisha. Wengi walijua asubuhi iliyofuata. Rais akakataa kutia saini akaurudisha, hoja kubwa ikiwa kwamba unagongana na sheria zilizopo, kama ile ya wahandisi ya 2011 na ile ya mawasiliano ya 1998. Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye mdahalo kwamba "sheria hiyo ilipita", mjibu ilipita bunge, haikupita meza ya mwisho. Na akikuambia "ilishakataliwa, imekwisha", mkumbushe imeshafufuka zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo baadhi yenu mtanikasirikia, manake sitaki kuwacheka wanaotaka leseni. Hoja yao si ya kijinga.

Kati ya 1985 na 1987, mashine moja ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliwapa wagonjwa sita Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi. Angalau watatu walikufa. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia hilo. Kwenye hii, kazi ya ulinzi iliachiwa programu, na sehemu kubwa ya programu iliandikwa na mtu mmoja. Hospitali zilipolalamika ziliambiwa haiwezekani. Daraja likianguka tunauliza nani alitia saini ramani. Hapa hakukuwa na saini ya kuulizia.

Na kuna mji wa New London, Texas. Machi 18, 1937, shule ililipuka kwa gesi, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Shule ilikuwa imejiunganisha na bomba la gesi ya mabaki kutoka visima vya mafuta ili iokoe pesa. Gesi hiyo haikuwa na harufu, ikajaa chini ya sakafu bila mtu kujua. Mwaka uo huo Texas ikapitisha sheria ya kusajili wahandisi. Kwa hivyo ndiyo, leseni za uhandisi mahali pengi zimeandikwa juu ya makaburi.

Lakini Texas ilifanya jambo la pili baada ya msiba ule: iliamuru gesi itiwe harufu. Ile harufu mbaya inayokushtua ukiacha mtungi wazi jikoni huwekwa makusudi, na mkondo wa sheria hizo ulipata nguvu pale. Sasa jiulize, kati ya zile sheria mbili, ipi imeamsha watu wengi zaidi usiku wakafungua dirisha kabla ya moto? Mimi jibu langu ni harufu. Moja iliangalia mtu, nyingine iliangalia kitu.

Hadithi ya Texas haiishii hapo. Mwaka 1998 jimbo hilo hilo likawa la kwanza Marekani kuwasajili wahandisi wa programu. Baadaye ukatungwa mtihani wa kitaifa, ukaanza kufanywa 2013. Ulifanywa mara tano tu. Watahiniwa wote, nchi nzima, walikuwa 81. Mwaka 2019 ukafutwa. Nchi yenye kampuni kubwa kuliko zote za teknolojia, watahiniwa wa kujaza matatu sita wakae kwa mkanda. Si kwamba watu walikuwa waoga wa mtihani. Waajiri hawakuuliza, na kazi yenyewe inabadilika haraka hivi kwamba maswali ya mwaka huu ni historia mwaka ujao.

Nigeria nao wana baraza la usajili wa wataalamu wa kompyuta kwa sheria ya 1993. Zaidi ya miaka 30. Ukitazama kampuni za malipo zilizoifanya Lagos ijulikane, leseni inayowakosesha usingizi ni ya Benki Kuu yao. Tena tunarudi pale pale: pesa inakaa wapi, nani anajibu ikipotea.

Kuna mtu atasema kwenye maoni: lakini leseni inaleta uwajibikaji. Nakupa mambo mawili uyatafakari.

La kwanza liko kwetu. Sheria ya kusajili wahandisi Kenya ipo tangu 1969, wasanifu majengo tangu miaka ya 1930. Aprili 2016, miezi michache tu kabla ya mswada wa kwanza, jengo la Huruma liliporomoka wakati wa mvua na kuua zaidi ya watu 40. Halikuwa na idhini. Mwenye jengo alipita kando ya wenye leseni wote, akajenga. Leseni humbana aliyeingia ndani ya uzio. Anayejenga usiku nje ya uzio haimjui.

La pili ni Uingereza. Mfumo wa kompyuta wa Horizon ulikuwa unaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo kwenye matawi ya posta. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi hayo walitiwa hatiani kwa wizi ama uongo wa hesabu. Watu walifungwa, walifilisika, wengine walijiua. Ilibidi bunge lao lipitishe sheria mwaka 2024 kufuta hatia hizo. Mpenda leseni ataisoma kesi hii aseme, mnaona, wataalamu wa kompyuta wasio na leseni! Sawa. Lakini mawakili walioendesha mashtaka walikuwa na leseni. Wahasibu walikuwa na vyeti. Mahakimu walikuwa mahakimu. Wote waliiamini kompyuta kuliko mama wa posta aliyekuwa analia mbele yao.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Sisimami katikati, kule ndiko watu hujificha. Nikipewa kura, nauangusha mswada wa kusajili kila mtu. Huwezi kumweka anayetengeneza tovuti ya mkahawa kwenye kapu moja na anayeandika programu ya mashine ya oksijeni, halafu uwadai wote shahada na ada. Hiyo ni kahawa ya 1930 kwenye kikombe kipya. Lakini ningepitisha sheria nyingine, fupi, inayosema mifumo ya aina fulani, ile ambayo ikikosea mtu anakufa, anafungwa ama anapoteza akiba, isiwashwe kabla mtu mwenye jina hajatia saini kwamba imejaribiwa, ina nakala, na ikianguka kuna njia ya kurudi. Huyo mtu mmoja, ndiyo, awe na leseni ya kupokonywa. Wakina Therac wangekuwa na jina la kuulizia. Waliobaki waache wafanye kazi.

Na sehemu ya kitu tayari tunayo. Sheria ya kulinda data ya 2019 haijali umesoma wapi. Inakuuliza ulichukua data ya nani, kwa ruhusa gani, umeiweka wapi. Ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, una saa 72 kumjulisha kamishna. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Kijana wa saiba aliivunja bila kujua ipo. Wa shahada naye alitakiwa kulinda rekodi zisipotee, na sidhani alijua pia. Miaka minne chuoni, hakuna aliyemtajia. Hapo ndipo ningependa wagombea waulizwe kwenye midahalo: ofisi hiyo ina watu wangapi nje ya Nairobi, na mama wa sokoni anaifikiaje?

Najua, manake tulijaribu. Nilimwambia mamangu tupeleke malalamiko. Akaniuliza, "Dhidi ya nani, kijana wangu? Dhidi ya huyu aliyeturudishia pesa?" Yule wa shahada hatukujua hata anakaa wapi. Na yule mama aliyehama sehemu ya kuuzia hakutaka jina lake liandikwe popote tena, hata kwenye fomu ya kumtetea.

Kijana alikuja nyumbani mwenyewe, akamwambia, "Mama, nisamehe, sikujua ni makosa." Akatoa flashi mfukoni akaiweka mezani. Mamangu akampa chai. Flashi iko kwenye droo ya kabati hadi leo, imefungwa kwa ule mpira wa kitabu cheusi, na kitabu chenyewe kimerudi kazini. Nilimuuliza kijana kama ilikuwa nakala ya pekee. Alisema ndiyo.